Waliokaa Kitandani Kwangu

Mwandiko wangu ni mbaya na tahajia inanishinda, hasa kujua pa kuweka r na pa kuweka l, kwa hiyo naomba radhi mapema. Shule niliishia la saba na naandika polepole. Nikiwa na hasira huwa naandika vizuri kidogo, na hasira bado ninayo.

Sikuchaguliwa kwenda sekondari. Baba akanitoa Madaba akanileta Songea mjini kwenye chuo cha ushonaji. Mwaka ule wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kununua mahindi mpaka mashambani, baba akauza vizuri, tukapita Majengo akaninunulia godoro la sponji, jipya, likiwa bado kwenye nailoni yake. Nyumbani nililala na wadogo zangu juu ya gunia lililojazwa maganda ya mahindi. Lile godoro lilikuwa kitu cha kwanza kuwa changu peke yangu.

Chumba chetu bwenini kilikuwa cha watu watatu. Kulikuwa na dabodeka moja, na kitanda kingine cha peke yake karibu na dirisha. Hicho alilalia binti wa mkulima wa korosho kutoka Tunduru. Dabodeka, juu alilala dada mmoja aliyetuzidi umri, mtoto wa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Mimi nililala chini. Yule dada nitamwita wa juu, jina lake silitaki mdomoni.

Kitanda cha chini ni kochi la bweni zima. Wa juu alikuwa na marafiki wengi, na kila walipokuja aliwaonyesha godoro langu.

"Kaeni jamani, jisikieni nyumbani."

Walikaa. Walikula makande juu ya shuka langu na kuacha maganda ya karanga. Mmoja alikuwa na nywele za kalikiti zinazodondosha mafuta, naye aliegemea mto wangu tu, sijui kwa nini hakuona ukuta. Siku moja nikatoka darasani nikakuta nailoni ya godoro imechanwa imetupwa.

"Linapiga kelele," wa juu akasema. "Mgeni akikaa anaona aibu."

Katikati ya godoro pakawa na bonde. Nikilala najikunja humo kama mtoto kwenye mbeleko, na shuka linanuka mafuta ya watu.

Binti wa Tunduru kitandani kwake hakai mtu. Siku ya kwanza alisema, "Atakayekaa hapa atafua mashuka yangu yote, wallahi," na wakamwogopa. Aliniambia na mimi niseme.

"Huo mdomo umepewa wa kulia ugali tu?"

Nilijaribu. Lakini mimi mbele ya watu sauti hukwama kifuani, naishia kutabasamu, na wao hudhani nimefurahi.

Nikaona nishone. Kwenye mitumba ya Majengo nilipata pazia zito la kijani lenye picha za bata. Nililikata, nikalipinda, nikalitia vitanzi kwa cherehani ya chuo, na mwalimu alisifu pindo langu. Nikalining'iniza kwa waya kuzunguka kitanda chote. Ndani nikabandika kurasa za kalenda ya zamani, nikageuza boksi la sabuni kuwa kabati la kioo na kitana. Nilikaa humo nikavua sare bila kugeukia ukutani. Palikuwa pazuri. Sijawahi kukaa mahali pazuri vile.

Wa juu aliporudi alisimama mlangoni akaita korido nzima.

"Njooni muone! Mwekezaji kafika!"

Siku zile redio ilikuwa haiishi kutaja wawekezaji na ubinafsishaji.

"Kabinafsisha kona!" mwingine akadakia.

"Hodi mwekezaji! Tunaomba ajira!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Tangu hapo jina langu likawa Mwekezaji, hata mpishi aliniita hivyo akinipakulia. Nilivumilia, maana hawakukaa tena. Wakaacha utani wakaanza kunong'ona: huyu anajificha nini humo? Wa juu akasema mimi nawanga. Akaenda kwa matroni.

Matroni alikuja, nikamwamkia.

"Marahaba. Pazia la nini? Wenzako wana ukoma?"

"Hapana, mama."

"Sasa unawakimbia nini? Hapa hatujitengi. Kama ni kizuri, kiwe cha wote. Litoke hapo liwekwe dirishani."

Wa juu hakungoja nilifungue. Alichukua mkasi wangu, akakata vitanzi vyangu kimoja kimoja, akalipachika dirishani kwa misumari.

"Chumba kimependeza kweli," akasema. "Ahsante, Mwekezaji."

Na kwa vile chumba kilipendeza, wageni wakazidi.

Jumapili moja walirudi kanisani wakaingia wanne, wa juu mbele na gauni lake jeupe. Nilikuwa nimelala. Sikuinuka.

"Sogea."

Nikavuta shuka.

"Sogea bwana, huoni wageni?"

"Kitanda changu," nikasema.

"Unasemaje?"

"Hakuna kukaa! Godoro la baba yangu hili!"

Sauti ilitoka kama ya mtu anayefukuza nyani shambani. Wakatazamana. Wa juu akacheka, akakaa, tena juu ya miguu yangu. Nikaikunja, nikamsukuma kwa nyayo zote mbili. Alianguka sakafuni. Tulikuwa tumetoka kupaka dawa nyekundu ya sakafu, na gauni lote kwa nyuma likawa jekundu. Binti wa Tunduru alisema "Subhanallah!" akajifunika shuka ili acheke.

Matroni alinipigisha deki korido peke yangu. Nilipiga. Lakini kitandani kwangu hakukaa mtu tena, mpaka tunamaliza chuo. Wala hawakunisalimia, na mimi sikuwasalimia, na ilikuwa raha. Binti wa Tunduru peke yake alinigawia korosho, tena bila maneno.

Sasa nashona Ruhuwiko na godoro ni lilelile. Bonde halikuinuka. Nasikia watu wakisema wanawakumbuka wenzao wa bweni. Mimi wa juu simkumbuki kwa wema, na nikikutana naye Majengo navuka barabara, maana naweza kumsukuma tena.

Wewe unayesoma, kama ulilala chini, niandikie, hata kama mwandiko wako ni mbaya kuliko wangu. Niambie wewe uliwaondoaje, na kama kuna aliyewahi kuwaondoa kwa maneno tu, aniandikie hayo maneno. Waliolala juu wasijisumbue.