Lusungu Mkata Vyuma na Baba Mkwe Wake

Kwanza niseme wazi: mimi Hasina si mtu wa subira. Nauza misumari, rangi na kofuli hapa Tukuyu, kwenye duka alilofungua marehemu baba yangu alipopanda huku milimani kutoka Kilwa, na mteja akishikashika bidhaa bila kununua namwambia kabisa aende nyumbani akapumzike. Kwa hiyo ukisikia kwamba kwa miaka minne nilikuwa simu ya watu wawili, tena simu ya bure, ujue kulikuwa na sababu. Sababu yenyewe ni Lusungu.

Lusungu ni mkamwana wa Mzee Ambilikile, na Mzee Ambilikile alikuwa fundi mkuu kwenye karakana ya shamba moja la chai. Shamba lilipouzwa kwa tajiri, enzi zile kila kitu kinabinafsishwa, mzee akapunguzwa kazi pamoja na wenzake, akaja kufungua karakana yake mkabala na duka langu. Lakini macho yalikuwa yameshaliwa na moto wa kuchomelea. Akikutazama unaona anakutafuta. Mwanawe Anyelwisye, dereva wa malori ya Zambia, akanunua mnadani Mbeya mashine ya plasma, ile inayokata chuma kwa umeme na hewa ya kompresa, moto wake wa buluu, mwembamba kuliko penseli. Akaileta nyumbani mwaka uleule alioleta mke. Na mke ndiye aliyesomea ufundi chuoni. Mzee haoni, Anyelwisye yuko barabarani, basi tochi ya kukatia ikawa mkononi mwa Lusungu.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Wanyakyusa wana heshima yao ya kale: mwanamke na baba mkwe wake hawatazamani usoni, hawasemeshani, hata kwa jina hawaitani. Wenyewe wanaiita kutila. Hapa mjini wengi wameshaiacha, unawakuta wamekaa benchi moja kanisani. Lakini Lusungu alilelewa na bibi yake kule Lufingo, na bibi alimlea kwelikweli. Mzee naye ni mtu wa zamani. Basi mmoja anakata chuma ndani, mwingine amekaa kwenye kiti pale verandani mdomoni mwa karakana, na mimi nimeitwa katikati.

"Mama Zubery," mzee ananiambia, "mwambie mama Ambwene hewa ina maji. Afungue koki ya tangi."

Mama Ambwene ndiye Lusungu, kwa jina la mwanawe. Nageuka. "Lusungu, hewa ina maji."

"Nimesikia, dada. Mwambie nafungua."

"Mzee, anafungua."

Jamani, walikuwa hatua nane kati yao! Lakini mzee hakukosea. Mvua ya Tukuyu mnaijua, nguo inakaa kambani siku tatu, na unyevu ule unaingia kwenye kompresa, unafika kwenye moto, moto unaanza kutematema na chuma kinatoka kimechanika. Mzee alikuwa anasikia maji hayo kwa masikio kabla Lusungu hajayaona kwa macho.

Na Lusungu, wallahi, nilimpenda tangu wiki ya kwanza. Anapima mara mbili, anachora kwa chaki, halafu anaweka rula yake, kipande kirefu cha chuma cha pembe, anakibana. Nilidhani rula inakaa juu ya mstari. Akanicheka. "Dada, moto unatoka katikati ya ncha. Rula nairudisha nyuma kwa nusu ya unene wa ncha, vinginevyo geti lako litakuwa fupi." Anavaa kofia ya kuchomelea, anashusha kioo cheusi, anaegemeza tochi kwenye rula na kuivuta ubavuni mwake huku akisogea mbele. Mwendo mmoja tu. Cheche zikimwagika chini ya bamba, mwendo ni sawa. Zikiruka juu, una haraka, chuma hakijatoboka. Ukikawia nako, chini ya bamba kunaganda makamasi ya chuma, utayasugua mpaka jioni. Yote haya aliyajua.

Lakini kulikuwa na dosari, na ilikuwa inamla. Kingo za kazi yake zilikuwa zimelala. Ukiweka kipande mezani kinasimama kama mtu aliyeegemea ukuta. Kwa geti la nyumba haidhuru, unasugua, unapaka rangi. Ila mafundi wa stendi walikuwa wameshaanza kejeli: nenda kwa mama, ukatiwe mshazari. Mzee alisikia. Siku moja akaniambia kwa sauti ambayo alijua itafika ndani: "Mama Zubery, kuna mtu wa Mbeya anaitaka hii mashine. Watu wa Lufingo wanaleta bamba la lango la mtambo wao wa umeme wa maji. Bamba ni moja. Likiharibika, mashine inaondoka."

Sikuhitaji kupeleka ujumbe huo. Nilimwona Lusungu amesimama, tochi imening'inia mkononi. Bila mashine ile angerudi kupalilia migomba ya watu, na ufundi wake wote ukabaki kwenye cheti sandukuni.

Nikashikwa na hasira, na mimi hasira ikinishika inanipeleka. Nikaingia ndani, nikaokota vipande vitatu alivyokata asubuhi, nikamtupia mzee mapajani. "Haya, wewe fundi mkuu! Badala ya kutishia mtu, mwambie kosa lake!"

Mzee akapapasa kingo kwa kidole gumba. Akapapasa tena. Akaomba na makapi yake, vile vipande vya kutupa vilivyoanguka chini. Nikampa. Akavilinganisha kwa vidole.

"Makapi yamenyooka," akasema. "Kizuri ndicho kimelala. Anakata akielekea wapi?"

"Anaanzia huku kwako anakwenda ukuta wa nyuma. Anakupa mgongo, mzee. Atafanyaje? Wewe si umekaa hapa?"

Akashusha pumzi. Akanieleza kwamba moto wa plasma unazunguka ndani ya ncha, kwa hiyo unakata wima upande mmoja tu, ule ulio kuliani kwako unavyosogea. Wa kushoto unalala siku zote. Na meza ya Lusungu ilijengwa ubavuni mwa karakana: kipande kizuri kinalala mezani, makapi yananing'inia nje. Akienda ukutani, meza iko kushotoni kwake. Ili kizuri kiwe kuliani, ilibidi aanzie ukutani aje huku mlangoni, uso ukielekea veranda, yaani ukielekea baba mkwe.

Miaka minne! Binti wa watu anaharibu kazi kwa adabu. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu sikujua kama nacheka au nalia.

"Basi mzee, ondoka hapo," nikasema. Akashika fimbo yake, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Lusungu akageuka, akakata kipande cha majaribio akija mlangoni. Tukakisimamisha mezani. Kikasimama wima, hakikuegemea kitu. Lusungu akakibusu, nakuapia, akaungua mdomo.

Alhamisi bamba likaja. Mwenyekiti wa kamati ya mtambo, Yohane, alilileta na wanaume wanne wa Lufingo, bamba la unene wa kidole, refu kupita mtu. Kilichotakiwa ni mikato miwili mirefu, ubavu huu na ule, kwa sababu lango linapanda na kushuka ndani ya mifereji miwili. Likipinda kidogo linakwama, na maji hayamsubiri mtu. Ziada ya kupunguza ilikuwa upana wa vidole viwili tu kila upande.

Mkato wa kwanza ukaanza vizuri, kwenye ziada, nje kidogo ya chaki. Kufika katikati, rula ikapata joto ikajikunja, ikaachia bamba. Lusungu akasimama. Na plasma haitaki usimame: palepale ikachimba shimo. Bahati shimo likaingia kwenye ziada, likaishia karibu kabisa na chaki. Yohane alitazama shimo, akamtazama Lusungu, akasema, "Mama, hili bamba ni la vijiji viwili."

Akajitolea kushika rula yeye mwenyewe. Cheche ya kwanza ilipomgusa kiatu aliruka hatua tatu nyuma, na wenzake hawakutaka hata kusogea. Lusungu akainua kofia, uso umemtoka jasho. "Dada, peke yangu siwezi. Rula inataka mtu wa kuikandamiza na kuisikiliza."

Kabla sijajibu, nikasikia sauti ya fimbo ukutani. Mzee alikuwa ametoka nyuma ya nyumba, anashika ukuta akija. "Mama Zubery," akasema, "nipe ile kofia yangu ya zamani. Mwambie mama Ambwene ashushe yake."

Nikaelewa. Kioo kile ni cheusi kabisa. Kabla moto haujawaka, aliyevaa kofia haoni mtu wala mkono wake. Moto ukiwaka anaona mstari tu. Wote wawili wakashusha vioo, na kwa mara ya kwanza tangu harusi wakasimama kwenye meza moja. Mimi nilimwongoza mzee kwa kiwiko. Akavaa glovu, akapapasa rula mpaka katikati, akaikandamiza kwa viganja viwili.

Moto ukawaka tena toka mwanzo, sasa kwenye chaki yenyewe. Mimi nikageuza uso, nikasimama pembeni kufanya kazi yangu.

"Mwambie avute taratibu," mzee akasema.

"Anasema uvute taratibu!" nikapiga kelele kushinda kompresa.

"Sasa aongeze."

"Anasema uongeze!"

"Hapana, si sasa, imeshapita!"

Loh! Ujumbe wangu ukifika, moto uko mbele. Sauti ya mkato ikabadilika, ikaanza kukoroma. Hata mimi muuza misumari nilijua chuma kimeanza kumshinda. Wamekaribia palepale pa shimo, rula ilipoachia. Nikaona mkono wa Lusungu unasita.

"Lusungu!" mzee akaita. "Usisimame. Rula ninayo. Njoo."

Jina lake. Miaka minne sikuwahi kumsikia akilitaja, hata akiwa amekasirika. Nilidhani tochi itamdondoka. Haikudondoka. Ule mkono ukatulia, sauti ikarudi, cheche zikamwagika chini ya bamba zote pamoja.

"Njoo, mwanangu. Njoo. Sogeza bega. Njoo."

Akaja. Alipita viganja vya mzee, akavuta mpaka ukingoni, na makapi yakaanguka kwenye saruji. Hawakupumzika. Tuliwageuzia bamba, wakafanya ubavu wa pili, na safari hii mzee hakunituma kitu. Nilikaa juu ya ndoo ya rangi nikilia wazi, Yohane akinitazama.

Walipozima, mzee akavua glovu, akasubiri kidogo, akapapasa ukingo kwa kidole gumba toka mwanzo mpaka mwisho. Alikwenda polepole. Alipofika mwisho akasema, "Ndaga," ambayo kwao ni asante, na hakuniambia mimi nipeleke.

Yohane akaweka kigongo chake cha kupimia pande zote mbili, akapiga kofi moja kubwa. Akamgeukia mzee, maana wanaume ndivyo walivyo. "Mzee Ambilikile, umetuokoa. Kuna mageti mengine mawili ya mfereji. Tukiyaleta mwezi ujao utatukatia? Au ni kweli mashine inaondoka?"

"Mimi sikati," mzee akasema, kofia bado imemfunika. "Muulizeni mwenye mashine. Yuko hapo mbele yenu."

Wote wakamgeukia Lusungu. Nikaanza kusimama, kwa mazoea tu, nipokee jibu lake. Lakini alikuwa ameshashika kofia yake. Akaiinua taratibu, uso wote nje, macho mekundu, masizi mashavuni, amesimama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa baba mkwe wake.

"Leteni," alisema kwa mdomo wake mwenyewe. "Baba atanishikia rula."

Mzee naye akainua kofia. Hakuondoka. Aliomba aletewe kiti ndani.