Kati ya Washa na Acha

Siku yangu ya kwanza kazini, pale kwenye kinu cha unga Rodi Kopany, fundi wa kinu, ambaye wote walimwita Mkurugenzi, aliniuliza jina mpaka akachoka. Mwishowe akalisogelea sikio langu la kulia.

"Kwani hayo masikio ni ya kupamba kichwa?"

"La kushoto tu, Fundi. Lilikufa nikiugua utotoni. Hili lingine huchoka na kelele."

"Basi umekuja mahali pazuri," akasema, akawasha mota.

Nyinyi wadogo mnaokuja nyuma yangu, nisikilizeni. Mimi, mzee wenu wa Kidato cha Tatu, nimestaafu kazi hiyo ya likizo juzi tu, shule zilipofunguliwa.

Kazi yangu ilikuwa swichi. Vinu vilikuwa viwili, na kimoja kikinguruma maneno yote hugeuka uji, kwa hiyo nilisoma midomo. "Washa" huanza na midomo iliyobanwa, kama ya mtu anayepuliza chai. "Acha" huanza mdomo ukiwa wazi. Ukiondoa midomo, hayo maneno ni mapacha: kwenye kelele hubaki "a-a" tu.

Siku moja ya soko, mkanda wa kinu kidogo ulichomoka kwenye puli, lile gurudumu linaloubeba. Nikakizima. Mkurugenzi akajifunga kitambaa mdomoni kuzuia vumbi, akainama nyuma ya mashine, akaingiza mkono. Kinu kikubwa kiliendelea kunguruma. Mara akapiga kelele.

A-a.

Midomo ilikuwa chini ya kitambaa. Kidole changu kilikuwa juu ya swichi.

"Washa, bwana! Watoto wangu wananingoja!" mama mmoja mwenye debe akanifokea kwenye sikio la kulia. Huyo nilimsikia vizuri sana, na hapo ndipo shida ilipokuwa.

A-a! Mkurugenzi tena. Mama akanyoosha mkono abonyeze mwenyewe. Nikaifunika swichi kwa mgongo.

"Mama, ngoja!"

Akanichapa na ungo. Akanichapa tena. Sikutoka.

Mkurugenzi akachomoa mkono, akainuka polepole, akavuta kitambaa chini. Vidole vyake vilikuwa vimebanwa kati ya mkanda na puli. Ngozi ilikuwa imechunika. Uso ulikuwa mweupe, na si kwa unga.

"Ulinisikia nikisema acha?"

"Sikusikia kitu, Fundi. Ndiyo maana sikugusa."

Akakaa juu ya gunia. Mama wa debe akashika mdomo: "Uwi!"

Tangu hapo tuliacha maneno. Swichi haikuguswa mpaka aniinulie mikono yote miwili. Wateja Waadventista walidhani tunaomba, na kwa upande wangu hawakukosea.

Sasa nakaa dawati la mbele, sikio zima likimwelekea mwalimu. Akigeukia ubao akiongea, najikuta natafuta mikono yake.

Siku niliyostaafu, Mkurugenzi alinipungia mkono mmoja. Mwingine ulikuwa mfukoni. Nilisimama pale pale mlangoni, begi mgongoni, mpaka alipoutoa wa pili, akauinua pia.