Siku Nilipopeleka Mabehewa Matupu Ukweni

Wapo wanaoona aibu kwa kuteleza kwenye tope mbele ya watu, wapo wanaoona aibu kwa kusahau jina la mgeni rasmi, mie aibu yangu ni kwamba nimewahi kukimbia barabarani pale Wazo, mchana kweupe, nimevaa suti, nimekumbatia mabehewa ya ng'ombe ya mbao, na nyuma yangu shangazi wa mchumba wangu ananiita nisimame. Nimeisimulia mara chache. Watu hucheka vizuri tu mwanzoni, halafu kuna mahali nikifika wanaacha kucheka, wanaangaliana, na mie siwashangai.

Niende kwa mpangilio maana ndivyo nilivyozoea (kazi yangu ni kuandika habari za mahakamani, nani kasema nini, mbele ya nani). Kwetu ni Newala, ukoo wa wachongaji, ila mie subira ya vinyago sikujaliwa, nikaangukia kwenye treni. Nikitoka kazini naketi kibarazani kwangu Chamazi natengeneza mabehewa madogo kwa vipande vya mninga wanavyovitupa mafundi samani, na naomba nieleweke, sio ya kuchezea: ni mabehewa yaliyowahi kuwepo kweli, nayapima kwenye picha, na nikikosea upana wa ubao mmoja nabomoa naanza upya. Majirani wananiita Stesheni Masta. Sio sifa.

Mchumba wangu ni Kabula, mwalimu wa sekondari, Msukuma wa Shinyanga, na baba yake, Mzee Masanja, alikuwa gadi wa treni, yule anayekaa behewa la mwisho na kuulinda msafara mzima. Kazi yake karibu yote ilikuwa treni za ng'ombe, kuwaleta kutoka bara mpaka Dar. Sebuleni kwake huko Wazo kuna picha ya zamani ya mabehewa matatu yamesimama pembeni mwa stesheni, bila mtu. Kabula akaipiga kwa simu akanitumia, nami nikasema hiyo ndiyo zawadi nitakayoingia nayo siku ya posa. Nilikaa na picha ile mpaka nikawa naiona nikifumba macho. Nafasi kati ya ubao na ubao ili mnyama avute hewa, milango miwili ya katikati, komeo la chuma, rangi ile tunayoiita damu ya mzee, na kwenye behewa la mwisho, karibu na mlango, ubao mmoja uliovunjika ukafungwa kwa kamba ya katani. Hata kamba nikaisokota, nikaipaka nta, nikaifunga fundo lilelile.

Mshenga wangu alikuwa Mjomba Nampoto, mtu mzima wa Temeke anayejua kuongea na wakwe za watu. Alipokuja kuona zawadi akainama, akachungulia ndani ya behewa moja, akachungulia la pili, akanyanyuka.

"Ng'ombe wako wapi?"

"Hayana ng'ombe, mjomba. Nikiweka ng'ombe hutaiona sakafu ya ndani, na sakafu ndiyo imenitoa jasho."

"Yaani behewa la ng'ombe, halina ng'ombe, na tunalipeleka kwa Wasukuma kuomba mke."

"Hii zawadi tu. Mahari si ipo pale pale?"

"Weka hata mmoja, baba. Hata ndama."

Na kweli nilikuwa na ng'ombe wa plastiki wa dukani, lakini ni wale wa Ulaya, mabaka meusi na meupe, hawana nundu. Nikawaza, nichukue ng'ombe asiye na nundu nimpandishe kwenye behewa la Shinyanga, mbele ya mzee aliyelala na hao wanyama miaka yote? Nikacheka, nikasema hapana, yataenda vile vile. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo. Nikaongezea na wa pili: kwamba nitakwenda mwenyewe, ingawa mjomba alisema mwoaji hakai kwenye posa yake, maana niliogopa asije akaeleza milango vibaya.

Tulifika Jumapili, baada ya ibada. Wingu lilikuwa zito, hakuna upepo hata wa kutikisa jani, na majani yenyewe ya bustani yalikuwa yamefunikwa vumbi jembamba la kijivu la kiwanda cha saruji, ile hali ya huko Wazo ambapo mti unaonekana kama picha ya mti. Tukaamkia, shikamoo huku na huku, tukakaribishwa. Mzee Masanja ni mrefu, mkavu, anakuangalia muda mrefu kabla ya kuitikia. Pembeni yake alikaa dada yake, Shangazi Minza, mama mwenye mwili na sauti, na katikati yetu meza ya kioo yenye soda. Kabula alikuwa chumbani, kama desturi inavyotaka.

Mjomba akaanza vizuri, kuna ua tumeliona kwenye bustani hii, na kadhalika. Bado yuko kwenye ua, mie (hata sasa nikikumbuka nakunja vidole vya miguu) nikaona ndio wakati, nikafunua kitambaa, nikayapanga mabehewa matatu juu ya kioo, na bila kupewa nafasi nikaanza kueleza. Upana wa mbao. Komeo. Jinsi nilivyopata pembe ya paa.

Mzee aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na behewa la mwisho, akagusa ile kamba kwa ncha ya kidole.

"Hii niliifunga mimi," alisema.

"Ndiyo, mzee, ipo kwenye picha."

"Najua ipo kwenye picha. Unajua kwa nini niliifunga?"

Nikasema hapana.

Akaeleza polepole, kama mtu anayetoa ushahidi asioupenda. Mvua ilikata reli huko njiani, treni ikakwama porini, mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki, na majani waliyobeba yakaisha. Maji ya mtoni waliwachotea, lakini ng'ombe walioshikana bega kwa bega hawanywi wote. Waliokufa walikufa wamesimama, maana hapakuwa na nafasi ya kuanguka. Kabla ya kufa, mmoja alipiga ubao mpaka ukavunjika. Njia ilipotengenezwa mizoga ikatolewa, mabehewa yakaoshwa, na yeye akapewa kazi ya kuyarudisha Shinyanga yakiwa matupu. Ile kamba aliifunga siku hiyo.

"Nimekaa nyuma peke yangu," akasema, "mabehewa matupu, milango nimeifunga kwa mkono wangu. Treni ikipunguza mwendo nasikia kwato. Ikisimama nasikia wanageuka. Nikawasha taa nikayapitia yote. Hakuna kitu. Nikifunga mlango, wanaanza."

Shangazi Minza aliangalia chini.

"Tangu hapo," mzee akaendelea, "sisi magadi wa treni zile hatukurudisha behewa bila kutupia konzi ya majani ndani. Hata likiwa tupu. Hasa likiwa tupu. Wakubwa walituona wajinga, hatukuwajali." Akanitazama. "Wewe umeyaleta hivi hivi?"

Sasa, mtu mwenye akili angenyamaza. Mie nilikuwa nimeogopa, na nikiogopa huwaga naongea. Nikasema, kwa sauti ya kumtuliza mgonjwa, "Usiwe na wasiwasi, mzee, nakuhakikishia ni matupu kabisa. Nimekuja bila ng'ombe hata mmoja."

Mjomba Nampoto alifumba macho.

"Tumesikia," akasema Shangazi Minza. "Wenye masikio wote tumesikia. Mwoaji kaja bila ng'ombe hata mmoja."

"Shangazi, alimaanisha..." mjomba akaanza.

"Mwache, mshenga. Kasema mwenyewe, tena kahakikisha."

Hapo ndipo tuliposikia. Tok. Kidogo sana, kama ukucha kwenye mbao. Halafu kimya, halafu tok, tok, ya kuhama, kama mtu anayebadilisha mguu wa kusimamia. Nilijiambia ni machimbo, huko Wazo ardhi hutetemeka wakipasua mawe na watu wameshazoea. Lakini macho yangu yamezoea kutafuta vitu, yakaenda kwenye glasi za soda, na soda haikuwa inacheza hata kidogo. Kisha behewa la mwisho likaanza kwenda. Magurudumu yangu nilikuwa nimeyasawazisha vizuri mno, na meza labda ilikuwa na mwinamo, labda. Lilitembea taratibu, bila kusukumwa, likapita glasi, likasimama ukingoni mbele ya magoti ya mzee. Na chumba kikanuka. Nisikilizeni, mie sijafuga, ila harufu ya ng'ombe walioloa naijua.

Nikarukia kulikamata. Kiwiko kikapiga sinia, chupa ya soda ikamwagika yote mapajani kwa Shangazi Minza, kwenye kitenge kipya cha posa, nikachukua kitambaa cha zawadi nimpanguse (mapajani, shangazi wa mchumba wangu, mbele ya kaka yake), akanipiga kofi mkononi, nikarudi nyuma nikakalia kiti cha plastiki ambacho hakikuwa na nia ya kunibeba. Mguu mmoja wa kiti ukaenda, nami nikaenda.

Mzee Masanja hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu, "Yatoe nje. Yote. Sasa hivi."

Nikayakusanya kifuani. Nilipovuka mlango nikahisi uzito unahama upande mmoja, vile abiria wote wanavyoegemea kwenye kona, halafu hewa ya moto ikanigusa kiganja kupitia kati ya mbao, mara moja, ikakata, ikaja tena. Nikakimbia. Sikuamua, miguu iliamua. Nikatoka getini, nikashika barabara ya vumbi na suti yangu ya bluu, nikapita duka la kona watu wamekaa wanacheza bao.

"Braza, vipi, umeiba treni?" mmoja akauliza, wenzake wakaangua kicheko.

Shangazi Minza alikuwa ametoka nyuma yangu, kitenge kinachuruzika. Nilidhani anakuja kunipiga. Akapaza sauti mpaka wacheza bao wakaacha bao: "Polepole, wewe. Usikimbie nayo. Utawaangusha."

Hakuna aliyecheka tena. Hakuna aliyeuliza ataangusha kina nani. Mie nikageuka kumtazama, nikajikwaa, nikaenda chini kwa magoti yote mawili, suruali ikachanika, na mabehewa yakaruka kutoka mikononi. Yote matatu yalitua kwa magurudumu, kwenye mstari mmoja, kama yako relini. La mwisho likawa linatikisika.

Kabula ndiye aliyenifikia. Desturi ya kukaa chumbani ilikuwa imeshavunjika pamoja na kiti. Hakunipa mkono. Alikwenda ukingoni mwa barabara, akang'oa majani, akakung'uta lile vumbi la kijivu, akachuchumaa, akafungua milango niliyoifanyia kazi kwa wiki kadhaa na kusukuma majani kidogo ndani ya kila behewa, kwa utulivu, kama anayepika. Mtikisiko ukaisha.

"Sie tulikuwa tukicheza treni kwa boksi la viatu," akaniambia, "baba alikuwa haturuhusu mpaka tuweke jani. Ungeniuliza."

"Lakini ile picha uliyoni..."

"Nilikutumia picha. Hukuuliza kitu kingine."

Mjomba Nampoto alibaki ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa amebeba kile kitambaa cha zawadi, nilichokiacha bila kujua. "Hajakataa," alisema. "Ila anasema mtu aliyeleta njaa sebuleni kwake hawezi kumkabidhi binti. Tumepigwa faini. Mtamba mmoja, mzima, mwenye afya, na sharti umlishe mwenyewe kwa mikono yako mpaka anenepe ndipo umpeleke. Asikute mtu mwingine kamkatia majani."

Kwa hiyo mie, mtu wa Newala ambaye hata kuku sikuwahi kufuga, nikafuga mtamba uani Chamazi. Alfajiri na panga kwenye mabonde kukata majani, kisha kuoga, kisha mahakamani, na mahakimu wakinusa nusa. Majirani waliacha kuniita Stesheni Masta, na jina nililopewa badala yake silisemi. Nikawa namsikia usiku akigeuka uani, na kila akigeuka nilikuwa natoka kuhakikisha kwamba ana kitu cha kula, maana wazo la mnyama amesimama gizani na njaa lilikuwa haliniachi nilale.

Tulipompeleka, Mzee Masanja alimzunguka, akamshika mbavu, akamkuta ameshiba. Kisha akashika mkono wangu, akaitazama mikato ya majani kwenye vidole. Posa ikapokelewa siku hiyo hiyo, Shangazi Minza akiwa mbali kidogo na soda.

Mabehewa yako kwake, kwenye kabati, majani yanabadilishwa kila yakikauka. Shangazi anasema huwa yanapungua kabla ya kukauka, na mie, ambaye kazi yangu ni kuuliza, sijaomba kuonyeshwa. Bado natengeneza treni, siwezi kuacha. Lakini nimekula kiapo, na Kabula ni shahidi: nikiingia kwa watu nitauliza kwanza kuhusu kile kilichokuwa ndani, ndipo nipime mbao za nje. Na behewa la ng'ombe sitengenezi tena. Natengeneza ya saruji, ya mafuta, ya kokoto, mizigo ambayo haijawahi kuvuta pumzi.