Mahudhurio yalijaa, darasa lilikuwa tupu: nilichokikuta Nduruma nilipomfuata mwanafunzi "mtoro"

Wakuu, salaam kutoka Arusha, ambako asubuhi hii Mlima Meru umejifunika mawingu na mimi nimekaa na sweta ndani ya ofisi.

Humu kuna nyuzi nyingi za kuwasema wanafunzi wa vyuo. Hawaingii lecture, wavivu, wanashinda kwenye simu. Na mimi nimewahi kuchangia huko kwa maneno makali sana.

Leo naleta yaliyonikuta mwenyewe. Sina haja ya kutia chumvi, maana anayechekesha kwenye hii habari ni mimi.

Mimi ni mwalimu wa chuo kimoja hapa mjini, sitakitaja. Mama wa watoto wawili, naishi Kijenge, nafundisha Takwimu mwaka wa pili. Kipindi changu kilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi mpaka saa nne. Darasa lina wanafunzi sitini na wanne.

Ufundishaji wangu ulikuwa hivi. Nafunga mapazia ili projector ionekane, nageukia ukutani, nasoma slides. Nikimaliza nageuka, nauliza "any question?", kimya, nakusanya vitu vyangu naondoka.

Huku nyuma karatasi ya mahudhurio inapita. Mwisho wa kipindi kiongozi wa darasa, yule tunayemwita CR, ananikabidhi. Saini sitini na tatu. Kila wiki.

Viti vitupu nilikuwa naviona. Lakini ukumbi ni mkubwa na mapazia yamefungwa, nikawa najiambia wamejibanza nyuma. Mwalimu wa Takwimu nisiyehesabu vichwa. Chekeni tu, nimeshazoea.

Jina moja tu halikuwa na saini hata moja tangu muhula uanze. Nitamwita Elibariki, ingawa silo jina lake.

Sheria yetu ni kwamba usipofikisha robo tatu ya vipindi hufanyi mtihani wa mwisho. Unarudia somo mwakani, na kwa hili somo maana yake unachelewa kumaliza chuo mwaka mzima.

Wiki ya kumi nikaandika orodha ya watakaozuiwa. Ilikuwa na jina moja. Nikaipeleka kwa HOD, mkuu wetu wa idara, akaniambia itabandikwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Nilitoka pale kifua mbele, najiona mwalimu mwenye msimamo.

Jioni hiyo nikakaa kumalizia kusahihisha test waliyoifanya Jumamosi. Aliyeongoza darasa zima ni Elibariki.

Damu ilinichemka. Nikasema huyu kaiba, hakuna jinsi. Kesho yake nikamwita ofisini.

Akaingia kijana mrefu, mpole, viatu vina tope lililokauka. Nikamuuliza kwa nini haingii darasani.

"Madam, Jumanne asubuhi ni zamu yetu ya maji."

"Maji gani?"

"Ya mfereji, Madam. Nyumbani Nduruma. Baba alivunjika mguu, hawezi kushika jembe. Zamu ikipita, mpaka Jumanne nyingine, na vitunguu havisubiri."

Nikamwambia wenzake sitini na tatu nao wana nyumbani kwao na wana shida zao, lakini wanakuja. Akainamisha kichwa.

"Mimi sikuwepo, Madam. Siwezi kusema nilikuwepo."

Wakati ule niliona ni kiburi. Sikuelewa alikuwa ananiambia nini.

Sasa hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo nikilikumbuka nataka kujificha chini ya meza. Niliamua kwenda Nduruma kumshika na uongo wake. Na ili nimkute kwenye hiyo zamu ya maji, ilibidi niende Jumanne asubuhi.

Yaani nilidoji kipindi changu mwenyewe.

Nikamwandikia CR kwamba nimepata dharura, wasome slides wenyewe, karatasi ipite kama kawaida, halafu anitumie picha. Nikapanda bodaboda mpaka Nduruma, nikaulizia kwao, nimebeba hasira zangu zote.

Nyumbani nikamkuta baba yake amekaa nje, mguu umefungwa, fimbo pembeni. Nikamsalimia, "Shikamoo baba," akaitikia. Nilipojitambulisha akataka kuinuka, nikamzuia.

"Kumbe wewe ndiye mwalimu wa zile hesabu," akasema. "Huyu kijana anakusifu. Anasema hesabu zako ukizielewa unaliona shamba kwa macho mengine."

Wakuu, nilikosa pa kuangalia. Mtoto ananisifu kwa baba yake, na mimi jina lake nimeshalipeleka.

Mzee akanionyesha njia ya shambani. Nikapita kwenye migomba, na kabla sijatokea upande wa pili nikasikia sauti za watu wengi. Nikasimama.

Elibariki alikuwa amesimama kwenye matuta ya vitunguu, suruali imekunjwa mpaka magotini, jembe mkononi, anafungua na kuziba maji. Pembeni ya mfereji wamekaa vijana saba, wana madesa mikononi. Madesa yenyewe ni slides zangu, zimechapishwa.

Wote saba ni wanafunzi wangu.

Binti mmoja, nimwite Neema, akauliza kwa nini kwenye utafiti usichukue tu watu walio karibu nawe ukawahoji, uokoe muda. Hilo swali lina slides nne nzima, na mimi nilizisoma zote.

Elibariki hakusoma kitu. Akaelekeza jembe kwenye tuta lililo karibu na mfereji.

"Hili linakunywa kwanza. Ukipima udongo hapa tu, utasema shamba lote limeshiba. Nenda kule mwisho, pamekauka. Kwa hiyo chagua matuta bila kupendelea, hata yale ya mbali yapate nafasi ya kuchaguliwa."

Neema akasema, "Kumbe ndiyo hivyo tu?" Ndiyo hivyo tu. Niliona wivu, sitaki kuwadanganya. Miaka sita nafundisha hiyo mada na hakuna aliyewahi kuniambia "kumbe ndiyo hivyo tu".

Simu yangu ikalia. Wote wakageuka.

Ilikuwa picha kutoka kwa CR. Karatasi ya mahudhurio ya asubuhi ile, saini sitini na tatu, na ujumbe chini yake, "Kipindi kimeenda vizuri Madam."

Nikaitazama picha, nikawatazama wao. Neema alikuwa amesaini mjini, huku miguu yake iko kwenye maji Nduruma. Na wenzake sita vivyo hivyo. Ambaye hakuwa na saini ni mmoja tu, yule aliyekuwa anafundisha.

Hapo ndipo maneno ya ofisini yakaniingia. Kila asiyekuja alikuwa anasainiwa na mwenzake, na Elibariki alikataa kusainiwa. Kwa orodha yangu, anayezuiwa mtihani ni mkweli peke yake.

Nikakaa palepale kwenye majani. Nikawauliza bila ukali, kwa nini hamji?

Wakatazamana. Mwishoni Neema akajikaza.

"Madam, samahani. Slides tunazo kwenye simu, na ukija unasoma zilezile. Siku ile mwenzetu alipouliza swali, ulimwambia hilo alitakiwa alijue form four. Tangu siku ile tukaogopa kuuliza. Sasa tukija, tunakuja kufanya nini?"

Nilikumbuka. Niliyasema, na nilicheka nilipoyasema. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Sisemi wanafunzi wote ni malaika. Wapo wanaolala mpaka saa tano, wapo wa kubeti, na wapo ambao hata ungefundisha kwa ngoma wasingekuja. Lakini wale saba waliamka alfajiri, wakatoka mjini kwenda kujifunza somo langu kwa mtu mwingine. Huwezi kuwaita wavivu.

Nilirudi mjini na kifurushi cha nyanya alichonipa mzee na moyo mzito. Alhamisi nikaenda kwa HOD kuomba orodha ifutwe. Akanisikiliza, akavua miwani.

"Ukitaka niifute, andika barua ya sababu. Na hiyo sababu inakushtaki wewe, unalijua hilo?"

Nilijua. Mkataba wangu unaisha mwaka huu. Nilikwenda kukaa kwenye gari la mwalimu mwenzangu nikalia kidogo, halafu nikaiandika yote. Kwamba mahudhurio ya muhula mzima hayaaminiki, kwamba sikuwahi kuhesabu, na kwamba Jumanne ile mimi mwenyewe sikuwepo.

Nilipewa onyo la maandishi, na sijui mkataba utakuwaje. Lakini Ijumaa haikubandikwa orodha yoyote, na kipindi kikahamishiwa Jumatano saa nane mchana.

Jumatano ya kwanza nilifungua mapazia yote. Projector sikuiwasha. Nikaomba msamaha kwa ile kauli ya form four, nikawaambia asiyekuwepo asisainiwe, mwenye sababu aje aniambie, tutatafuta njia. Halafu nikachora mfereji na matuta ubaoni, nikamwita Elibariki anisaidie kueleza. Maswali yalikuwa mengi mpaka muda ukatuishia.

CR akaniletea karatasi huku ananiangalia kwa wasiwasi. Ilikuwa na mapengo kila mahali. Nikahesabu saini, arobaini na moja. Nikahesabu vichwa, nikarudia tena kwa kidole. Arobaini na moja.

Kati ya hizo, moja ilikuwa mpya kabisa, imeandikwa taratibu, jina zima, herufi kwa herufi.

Mtihani wa mwisho Elibariki aliufanya. Nilimwona kwa macho yangu amekaa kiti cha mbele.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba kabla ya kuuliza kwa nini hawaji, mwalimu ageuke kwanza aone nani yuko. Ile karatasi yenye mapengo nimeibandika ukutani ofisini. Ndiyo mahudhurio ninayojivunia kuliko yote.

Sasa nyie mliosoma na mnaosoma, nielezeni. Mlikuwa mnadoji kipindi gani, na mwalimu alikuwa anafanya nini? Msinionee haya. Nitasoma zote, na safari hii sijageukia ukutani.