Mkanda wa Harusi ya Shangazi

Dukani ninakouza misumari na rangi wananiita Bwana Punguza. Si kwamba nawapunguzia wateja, la. Ni kwamba mimi mwenyewe sijawahi kulipa bei niliyotajiwa. Hata daktari wa meno nilimwomba anipunguzie, mdomo uko wazi na ganzi imeshaingia. Mke wangu akiona nimeanza kubishana na muuzaji, huvuka barabara.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alijua yote haya aliponiomba nihamishie kwenye diski mkanda wa video wa harusi ya shangazi. Lakini mkanda ulikuwa juu ya kabati langu, angefanyaje? Mama yetu alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Picha za mama anazo. Sauti yake haikumbuki, na mahali pekee mama anaposikika akisema kitu ni kwenye mkanda ule. Anasema nini, hata mimi nilikuwa nimesahau.

Nilikwenda kwa mpiga picha za harusi wa mtaani kwetu, mwenye mashine za kazi hiyo. Akanitajia bei. Nikacheka, nikamwambia nitaifanya mwenyewe.

Kwa fundi redio nikapata deki kuukuu ya video, nikaiunganisha na televisheni, kisha na kompyuta ya binti yangu. Waya wa kwenda kwenye kompyuta nilichagua wa bei ya chini kuliko zote, na sababu ya bei hiyo niliijua nilipofika nyumbani: ulipitisha picha, sauti ukaiacha. Mtu mwenye akili angerudi dukani. Mimi niliweka simu mbele ya televisheni inase sauti, nikajiona mhandisi.

Mdogo wangu alikuwa zamu hospitalini, nami nilitaka akirudi akute diski tayari. Shangazi akaja kushuhudia harusi yake. Sasa kwetu video ya familia haiangaliwi kimya. Kila anayepita lazima atajwe: huyu mtoto wa nani, yule ameshatangulia, yule gauni aliliazima na hakulirudisha. Shangazi alitaja, mimi nikamsahihisha, tukabishana vizuri tu. Mama alipotokea mlangoni akafungua kinywa, shangazi akaangua kilio. Nikaona hapa panahitaji utulivu. Nikapaza sauti: "Nyamaza, mama anaongea!" Nikarudia, maana hakunyamaza.

Tulipoijaribu diski, mama alifungua kinywa na ikatoka sauti yangu.

Nikaurudisha mkanda nyuma ili tuanze upya, na hapo deki ikautafuna. Niliuvuta utepe kutoka ndani umejikunjakunja, nikakaa nao sakafuni. Niliogopa kweli. Mimi namkumbuka mama akiniita, akinigombeza, akiimba vibaya jikoni. Mdogo wangu alikuwa na yale maneno tu, na kwa ubahili wangu nilikuwa nimeyalisha mashine.

Nilirudi kwa mpiga picha na mkanda ndani ya bakuli la plastiki lenye mfuniko. Akachungulia bakuli, akanitazama usoni, akataja bei kubwa kuliko ya kwanza. Nikalipa. Akashtuka, akauliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Alisema atakata palipoharibika na kuunga palipobaki, ila hawezi kuahidi kwamba mama atakuwa amesalimika.

Diski ilipokuwa tayari tulikaa sebuleni sote, mdogo wangu mbele kabisa. Shangazi alijiziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimeamriwa nikae nyuma, karibu na mlango. Keki haikuwepo tena, hotuba ya baba wa bwana harusi imekatika katikati, na hakuna aliyeisikitikia. Watu walipita kwenye kioo mmoja mmoja, na hakuna aliyetajwa.

Kisha mama akatokea mlangoni, amechoka na shughuli, jasho usoni. Akawaomba watu wampishe. Sauti ilikwaruza kidogo, lakini ilikuwa yake. Bibi alikuwa amebeba kitoto kinacholia, na mama akakinyooshea mikono.

"Njoo kwangu, mama," akasema. "Njoo."

Mdogo wangu, mtu mzima mwenye watoto wake, alikuwa ameshasimama.

"Abee," akaitika.