Mji Nilioutekea Jikoni

Mwaka 2004 nilikuwa namtunza mzee mmoja huko Wheaton, jimbo la Maryland, mwanajeshi mstaafu ambaye vita vyake vyote alivipigana kwa mwiko. Alikuwa mpishi wa jeshi, jambo ambalo halikumzuia kuongea kama jenerali. Nilimwita Babu. Alipouliza maana yake nikamwambia ni cheo, akaridhika.

Imani yake ya kisiasa ilikuwa moja tu: rais mwenye vita huchaguliwa na askari walioko mbele, sisi wengine tunapiga mihuri.

"Zamani, Kaskazini na Kusini ya nchi hii walipokuwa wanachinjana," aliniambia nikimfunga vifungo vya shati, "rais alikuwa amekwisha. Hata mwenyewe alijua anashindwa. Jenerali wake akateka mji mmoja mkubwa kule Kusini, kura ikiwa imekaribia. Basi! Waliokuwa wakimtukana wakaanza kumwita baba."

Kwa hiyo kura ya Babu ilipanda na kushuka pamoja na taarifa ya habari. Wakati wa baridi, Desemba iliyotangulia, kiongozi wa adui alipofukuliwa shimoni na ndevu zake, Babu alidai aiskrimu asubuhi na kuapa kwamba rais ana kura yake. Kufika kiangazi mambo yakawa yameharibika huko vitani. Rais yuleyule akawa mpumbavu, na chakula kikawa hakipiti. Binti yake, mwalimu aliyekuja kila Jumapili kutoka Greenbelt, aliyapenda maoni mapya ya baba yake lakini alichukia kumwona anavyokonda.

Mimi sikuwa na haki ya kupiga kura. Nilikuwa na mume, nyumbani kwetu Oxon Hill, mwenye maoni ya kututosha wote wawili.

"Ushindi wa vita!" alisema nilipomsimulia. "Sisi si tulimtimua nduli mpaka kwake? Tukacheza ngoma barabarani. Halafu tukapanga foleni ya sabuni. Mwambie mzee wako ushindi haufui nguo."

Wiki ya mwisho ya Oktoba Babu aligoma kula siku mbili. Televisheni ilikuwa imezimwa kwa amri ya binti yake. Uji ulipoa, vidonge vikabaki kwenye kisahani.

"Vitani kuna habari gani?" aliuliza, macho ukutani.

Nikashika kijiko, nikasema, "Wameteka mji."

"Upi?"

Hapo nikajuta kuchezea vipindi vya jiografia. Jina lililonijia lilikuwa la mtaa wa Morogoro anakoishi mama yangu. "Kihonda," nikasema.

"Kihonda!" Akakaa wima. "Pale ni pagumu. Na adui?"

"Amekimbilia Msamvu." Hiyo ni stendi ya mabasi ya hukohuko. Nikamtia kijiko mdomoni kabla hajataka ramani.

Alikula mabakuli mawili, akameza vidonge vyote, akataka kunyolewa.

Jumapili binti yake alimkuta ananukia sabuni na kumsifu rais kwa kuanguka kwa Kihonda. Alipekua gazeti lote, kisha akaja jikoni.

"Kihonda iko wapi?"

"Morogoro, dada. Mama yangu anakaa pale."

Alivuta kiti, akakaa. Nilidhani nimefukuzwa kazi. "Keshokutwa ni uchaguzi," alisema taratibu. "Utamwambia ukweli kabla hajapiga kura. Wewe mwenyewe."

Jumanne nilimsukuma Babu kwenye kiti chake cha magurudumu hadi ukumbi wa shule, tukaingia kwenye foleni ndefu. Nilisubiri apate usingizi ili nisamehewe na Mungu peke yake, lakini alikuwa macho kabisa. Nikainama nikamnong'oneza yote, Msamvu na kila kitu.

Akageuza shingo, akanitazama. "Kwa hiyo hakuna aliyekufa?"

"Hakuna, Babu."

"Mwaka mzima sijaletewa ushindi mzuri kama huo."

Kwenye mashine ya kupigia kura alikaa muda mrefu mpaka msimamizi akaanza kukohoa. Alipotoka hakusema amempa nani. Binti yake alimbembeleza kwa simu, kisha kwa keki. Keki aliila.

Rais alishinda, ingawa Maryland ilimkataa, hivyo uongo wangu haukupindua dunia. Siku chache baadaye majeshi yakaanza kuuvamia mji wa kweli, mkubwa. Tulitazama pamoja mpaka wakamwonyesha askari mmoja amebebwa kwenye machela.

"Shambulio hili wamelisubirisha mpaka kura zipite," Babu akasema. "Ukiteka mji unapata kura. Majeneza yakitangulia, unazikosa." Akaniomba nizime.

Mwaka 2008 nilikuwa nimeshapata uraia, nikapiga kura yangu ya kwanza Oxon Hill. Vita vilikuwa bado vinaendelea. Kwenye foleni hakuna aliyevitaja. Mwanamke wa mbele yangu, muuguzi kutoka Kenya, alikuwa anaeleza jinsi benki ilivyochukua nyumba ya jirani yake, na sote tulimsogelea kusikiliza.