Mwalimu Aliyetaka Tusisaini Bila Kusomewa

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kutoka Turwa kwamba Mwalimu amefariki. Nikauliza haraka kafa na nini, na nani alikuwa naye. Wakaniambia ni kisukari, ugonjwa wa miaka mingi, na mke wake alikuwepo. Sikuamini mpaka nilipoongea na mama mwenyewe. Wasomaji wangu mnanijua, mimi ni mtu wa kushuku. Ila marehemu huyu nilimshuku bure, na leo naona aibu kulisema.

Alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu, kisha akawa mtu wa kupelekewa barua ngumu. Mwaka juzi wageni wa mradi walikuja kijijini kwetu Nyansurura kuzungumzia eneo la malisho. Mikutano yetu mnaijua: karatasi ya mahudhurio inapita, unasaini, unapewa soda yako. Siku ile zilipita karatasi mbili, ya pili ya Kiingereza. Tukasaini zote, kwani nani husoma mahudhurio? Mwalimu, aliyekuwa amekuja kumsalimia shemeji yake, akaomba ile ya pili isomwe. Alipoisikia akasema kuna maneno mawili tusikubali yachanganywe. "Consultation ni mtu kuja kukuuliza. Consent ni wewe kumkubalia. Hapa mmeulizwa tu, lakini karatasi inasema mmekubali." Wazee wakaguna. Akawarahisishia: washenga wakija kwako kuposa, ukawakaribisha, wakala ugali wakashiba, je, umeshapokea ng'ombe?

Mgeni mmoja akacheka, akasema hayo ni mambo ya darasani, maneno hayo ni ndugu. Nami, msomi wa kijiji, nikamwamini mgeni, na saini zetu zikabaki. Nikajiuliza malisho yetu yanamhusu nini mzee wa Turwa, nani kamtuma, au anatafuta kazi ya ukalimani. Nikaandika humu humu kwenye safu yangu kwamba kuna wastaafu wanaozuia maendeleo. Sikumtaja, lakini kijiji kizima kilimjua. Tulipokutana sokoni nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za ng'ombe wangu. Hata hilo nililishuku.

Sasa vigingi vya mradi vimepigwa katikati ya malisho, mifugo inazungushwa mbali kutafuta majani, na kila tukilalamika tunaonyeshwa saini zetu. Nimejifunza nikiwa nimechelewa: anayekuomba usome kwanza si wa kumshuku, mshuku anayekupa kalamu kabla hujaiona karatasi. Leo nimepeleka barua wilayani kwamba niliulizwa, sikukubali, na jina langu, la nne kwenye orodha ile, liondolewe. Kutoka huko nikapita msibani, nikamweleza mjane nilichofanya, nikamwomba radhi kwa yale niliyoandika. 

"Mwanangu," akasema, "alikusubiri uje umwambie mwenyewe."